Kobe wa Futi Mia Nne

Mke wangu ni rubani wa ndege ya abiria, mimi ni fundi viatu. Yeye hupaa, mimi hupiga gundi. Majirani wamecheka mpaka wamechoka.

Ana kasoro moja tu, nayo iko jikoni. Hakuna anayeruhusiwa kutia kitu sufuriani kabla ya kushika kopo, kulitaja kwa sauti, kisha kungoja yeye atazame na kusema, "Sawa." Makopo yetu ya chumvi na sukari ni pacha, ila la sukari limebonyea kidogo pembeni, na niliwahi kuwaandalia wageni mchuzi mtamu kama pipi. Kwa hiyo sina haki ya kulalamika. Nalalamika hata hivyo. Mama yangu, tunayeishi naye, alimpa jina la Kobe.

"Mkwe wangu Kobe," humwambia kutoka kitini, "ngoja ngoja huumiza matumbo!"

Mke wangu hucheka, na utaratibu wake haubadiliki hata chembe.

Asubuhi moja mama alikuwa anakwenda kumtembelea dada yangu, na kwa mara ya kwanza akapanda ndege inayoendeshwa na mkwewe. Mimi nilibaki na viatu vyangu. Ya huko juu nimeyapata kwa mke wangu, kwa mama, na kwa rubani msaidizi aliyeruka naye siku hiyo, ambaye hakuficha hata neno.

Ndege ndiyo kwanza imeacha ardhi, ukasikika mshindo, puu! Ikavutwa kushoto. Injini ya upande huo ilikuwa imekufa. Mke wangu akakanyaga pedali ya kulia, akainyoosha ndege, akasema, "Hakuna kugusa kitu mpaka tupande futi mia nne." Rubani msaidizi, mtu mzima mwenye mikono myepesi, anasema zile sekunde zilikuwa ndefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Lakini alitulia. Kwa injini moja ndege huruka na kurudi salama. Bila injini, haina ujanja.

Futi mia nne zikafika. Sasa ilibidi kukata mafuta ya injini iliyokufa, isije ikashika moto. Swichi za mafuta, moja kwa kila injini, zimekaa bega kwa bega. Rubani msaidizi akapeleka mkono, akatamka vizuri kabisa, "Injini ya kushoto," kisha akangoja, kwa sababu aliyekaa naye alikuwa Kobe. Anakiri kwamba na mwingine angekata papo hapo.

Mke wangu hakusikiliza mdomo. Alitazama mkono. Mkono ulikuwa kwenye swichi ya kulia, ya injini nzima, ile pekee iliyowabeba watu sabini na wanane, mama yangu akiwamo.

"Hapana," akasema kwa sauti ileile ya jikoni. "Tazama mkono wako."

Akatazama. Jasho likamtoka mpaka kwenye soksi. Akauhamisha mkono.

"Injini ya kushoto."

"Sawa. Kata."

Baada ya robo saa walitua, magari ya zimamoto yakiwa yamejipanga bila kazi. Huko nyuma mama alikuwa amembana mkono jirani asiyemjua, akitubu dhambi zake moja baada ya nyingine, na hilo jina la Kobe likiwemo. Mimi nilifika uwanjani na gundi vidoleni. Nilipowaona wote wawili nililia mbele za watu, na sikuona aibu.

Jumapili rubani msaidizi alikuja kula kwetu. Mama akakataa katakata kusaidiwa, akasema leo anapika yeye. Mchuzi ulipochemka akachukua kopo, akalishika juu ya sufuria.

"Chumvi," akatangaza. "Haya, mkwe wangu, nangoja."

Mke wangu akainua macho kutoka kwenye vitunguu, akautazama mkono.

"Mama, hiyo ni sukari."

Rubani msaidizi alicheka mpaka akashikilia meza. Mama hakutikisika, na mkono wake ulibaki palepale hewani, haujamwaga hata punje.

"Mnacheka nini?" akauliza. "Si nimengoja?"