Pamba ya Kuziba Chupa

Sisi wa Kitale tunaoogopa macho ya majirani huchukulia dawa za virusi vya UKIMWI Bungoma. Wa Bungoma, nasikia, huja kwetu. Nilikuwa nikikaa mwisho wa benchi la kliniki, kofia imeshuka, nikipanga maneno ya kumwambia mwanamume ninayempenda. Tunaishi pamoja Tuwan, mtaa wa hapo Kitale. Majirani tumewaambia sisi ni mabinamu, wanaume wawili wanaogawana kodi.

Kazi yangu ni kutengeneza simu, na nilijifunza mwenyewe kwa kuharibu zangu. Sipendi kitu kitoke mkononi mwangu na kasoro. Hata lawama niliitaka safi: "Wewe ndiye uliyeniletea." Niliirudia kimoyomoyo, nikibadilisha neno hapa na pale. Ushahidi sikuwa nao. Nilitaka tu awe yeye, maana asipokuwa yeye, basi ni mimi.

Asubuhi moja aliyetoka kwenye chumba cha dawa alikuwa yeye. Alikuwa ameniaga kwamba anafuata maziwa Endebess. Mimi nilimwambia naenda Eldoret kununua skrini.

"Skrini za Eldoret siku hizi zinauzwa hapa?" aliuliza.

"Na ng'ombe wa Endebess wanakamuliwa huku?"

Mama aliyeketi kando yangu alicheka, akidhani ni utani.

Tulienda kwenye kibanda cha chai nyuma ya kliniki. Maneno yote niliyoyapanga yalinitoroka.

"Ni wewe, si ndiyo?"

"Ati mimi?" Hakupandisha sauti. "Nimekuwa nikikuangalia ukilala, nikijiuliza hivyo hivyo. Nikanyamaza, kwa sababu nilijua utasema nimekuletea. Na umesema."

"Ulianza lini kuja hapa?"

"Wakati wa kupalilia."

Mimi nilianza mahindi yakivunwa. Nilihisi nimeshinda.

"Kwa hiyo ulikuwa wa kwanza."

"Wa kwanza kupimwa, bana. Wewe ulikuwa unaogopa sindano."

Niliinuka niondoke, nikijua kwamba nikiondoka hivyo sitarudi Tuwan. Nilipotupa begi begani, vidonge vikalia ndani ya chupa kama kayamba. Watu wa kibandani wakageuka.

Alilishika begi kwa mkanda. "Kaa."

Alitoa pamba mfukoni, ile anayozibia chupa yake, akafungua chupa yangu chini ya meza, akaishindilia pamba juu ya vidonge, akafunga. Akaitikisa. Kimya.

"Unatembea na kelele hivi? Nyumbani unaficha wapi?"

"Kwenye katoni ya simu mbovu. Na wewe?"

"Kwenye mkebe wa unga wa wimbi."

Nikacheka bila kutaka. Wimbi siupendi, mkebe ule sijawahi kuugusa.

Nilikaa. Tulikunywa chai iliyopoa.

Sasa chupa zote mbili ziko juu ya kabati, mbele ya sufuria. Nani alianza, hatujui. Swali hilo hunirudia nikiwa nimeinamia simu ya mtu, na huwa natamani lingekuwa na skrubu nilifungue. Jioni yeye hujaza vikombe viwili vya maji.

"Meza dawa wewe kwanza," huniambia. "Leo usiseme mimi ndiye wa kwanza."