Maoni Yangu Katika Kitabu cha Wageni

Kwa miaka mitatu nilisaidia elimu ya nchi hii kwa kalamu ya bluu. Nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule ya serikali iliyo jirani na kwetu, Lubaga, na kazi ya mjumbe, kama nilivyoielewa, ilikuwa kufika mara moja kila muhula, kukaa kwenye kochi la ofisi ya mwalimu mkuu, kunywa soda na kuandika maoni katika kitabu cha wageni. Niliandika vizuri. Nilikuwa nafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Nakasero, kwa hiyo mambo ya maoni ya wageni nilikuwa nayajua. "Hongera kwa kazi nzuri. Endeleeni hivyo hivyo." Kisha napanda bodaboda narudi kazini, kifua mbele, nikijiona mzalendo.

Binti yangu hakusoma hapo. Msinicheke. Watoto wetu sisi wajumbe walikuwa shule za kulipia, wangu huko Ntinda, soksi mpaka magotini na tai shingoni. Shule ya serikali tuliipenda kama mtu anavyompenda shangazi wa kijijini, yaani kwa mbali.

Halafu hoteli ikapunguza wafanyakazi, na mimi nikawa katika waliopunguzwa. Muhula uliofuata binti yangu alivua tai, akaingia darasa la tatu la shule ile ile niliyoisifu kwa mwandiko wangu.

Wiki ya kwanza alirudi na daftari tupu. Wiki ya pili hivyo hivyo.

"Mwalimu amefundisha nini leo?"

"Mwalimu hayupo, baba. Alikwenda kujifungua mwaka jana, hakurudi."

"Sasa nani anawafundisha?"

Akafikiri kidogo. "Monita anaandika majina ya wanaopiga kelele."

Mtoto huyu alikuwa ameanza kusoma mwenyewe, kidole juu ya neno, neno baada ya neno. Sasa nilipompa kitabu alitazama picha, akakisia. Niliogopa. Nilimwona akikua hivyo, anakisia vibao, anakisia barua, anakisia dawa ya mtoto wake.

Nikaenda kufoka. Mwalimu mkuu ni mama aliyekulia katika kambi ya jeshi kama mimi, baba zetu wote wanajeshi kutoka kaskazini, kwa hiyo tukikutana tunasema Kiswahili chetu cha kambini. Aliniacha nifoke mpaka nikachoka. Kisha akafungua kitabu cha wageni.

"Mzee, soma hapa. Hii mwandiko ya nani?"

Ulikuwa wangu. Muhula baada ya muhula, hongera juu ya hongera, na chini yake wajumbe wenzangu nao wamefurahi, wameridhika, wamebarikiwa.

"Mimi naenda ofisi kubwa kuomba mwalimu. Wananiambia, leta kitabu. Wanasoma. Wanasema, mama, wazazi yako iko na furaha, wewe unalia nini?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Kutoka kochi lile hadi darasa la tatu ni hatua chache tu, na kwa miaka mitatu sikuwahi kuzipiga. Nikauliza nifanye nini.

"Wewe sasa iko na kazi?"

"Hapana."

"Basi chaki iko pale."

Nikaingia. Watoto zaidi ya mia, madawati yamejaa, wengine sakafuni. Sikujua mwalimu anaanzaje, nikaanza kama ninavyojua: karibuni sana, safari ilikuwaje? Wakanieleza, mmoja mmoja, mpaka kengele ya mapumziko. Huyu ameruka mtaro, yule amefukuzwa na mbwa, mwingine amembeba mdogo wake mpaka kwa jirani. Kesho yake niliziandika safari zao ubaoni kwa Kiingereza changu cha hotelini, na kila mmoja akataka kusoma yake. Mama mmoja Mkongo anayeuza vitenge, mwanawe yumo humo, alianza kuja asubuhi kuwasikiliza wanaosoma polepole. Mwisho wa mwezi binti yangu alikuwa anasoma bila kidole. Nililia, na sioni aibu kusema.

Ndipo akaja mkaguzi. Akakaa kwenye kochi, akanywa soda, na mwalimu mkuu akamweleza tena kwamba darasa la tatu halina mwalimu. Na lazima niseme ukweli, mtu yule alinishinda mimi: aliinuka, akaenda kuchungulia dirishani. Akaona mwanaume mwenye suti ya hotelini mbele ya ubao, na watoto kimya wanasoma. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akarudi kuandika. Gari lake lilipotoka nilikimbia ofisini kusoma.

"Nimejionea mwenyewe. Darasa la tatu lina mwalimu, tena hodari. Endeleeni hivyo hivyo."

Mwalimu mkuu alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu akaacha kucheka.

"Mzee, umeniharibia. Kesho usikuje. Wacha darasa ikae tupu. Hao watu wakiona tupu, watatuma mwalimu wa kweli, wa serikali, wa kukaa."

Alikuwa na haki. Kila niliyemuuliza alisema ana haki. Nikakaa nyumbani makusudi, kwa faida ya taifa, nikifagia ua ambao ulikuwa safi tayari.

Jioni binti yangu alisimama mlangoni, begi bado mgongoni.

"Baba, tumekukosea nini?"

Nikamwambia hawajanikosea. Nikamwambia atakuja mwalimu mwingine, aliyesomea kazi hiyo, bora kuliko mimi.

"Lini?"

Usiku ule nikapiga pasi suti. Asubuhi watoto zaidi ya mia walisimama kunisalimu kwa furaha, binti yangu akipaza sauti kuliko wote, nami nikachukua chaki nikijua wazi kwamba mradi nimesimama pale, mwalimu wao hatakuja.