Kinyonga Juu ya Vitenge

Kosa ninalolisimulia ni kuburudika kwa mateso ya kiumbe kisichoweza kulalamika. Binti yangu alipoletewa kinyonga kutoka Sitalike, majirani walimiminika na vitenge vyao, wakimweka juu ya kimoja baada ya kingine. “Geuka basi, mjomba, tuone nyekundu!” wakacheka. Kinyonga akawa mweusi, akakataa panzi, akakonda. Binti yangu akawa analia. Niliwakemea, wasinisikie. Bibi yake, ambaye huogopa hata kumtazama mnyama huyo, aliwatoa wote, akasimamisha tawi la mpera chumbani, akangoja kinyonga apande mwenyewe, kisha akafunga mlango. Kesho yake kinyonga alirusha ulimi, akanasa panzi. Majirani walionyimwa kichekesho wakatangaza kwamba kwetu kunafugwa uchawi, na mchawi wakamtaja: bibi huyo, mama mkwe wangu.