Uvimbe Wangu na wa Mdogo Wangu

Nikiwa darasa la saba niliota uvimbe shingoni, upande wa kushoto, chini kidogo ya taya. Ulikuwa laini, hauumi, na ukiubonyeza unateleza. Baba alinipeleka hospitali Bunda. Kwanza walivuta maji kwa sindano, ukanywea, kisha ukajaa tena, ndipo wakaupasua. Daktari akasema ni kifuko cha maji tu, nilizaliwa nacho kikiwa kimejificha. Nikapona, nikabaki na kovu jembamba.

Kovu hilo lilinipa cheo, jamani. Nimeolewa Bweri, hapa Musoma, nashona nguo, na wanawake walikuwaga wananiletea shingo zao nizipapase kabla hawajaenda zahanati. Laini? Nenda kapumzike. Ngumu? Kimbia hospitali. Waliniita daktari wa shingo, nami nilijifanya kukataa huku nafurahi. Kwa bahati sikuwahi kukosea, na hiyo ndiyo iliyoniponza.

Mdogo wangu wa kiume, anayenifuata, alibaki nyumbani Butiama na ng'ombe wa baba na mashamba ya muhogo. Tulikutana kwake kwenye kipaimara cha binti yake wa mwisho. Nikaona kola ya shati imekaa vibaya upande mmoja. Kuifungua, nikakuta uvimbe palepale pa kwangu, upande uleule. Nikaupapasa mbele ya wageni, sahani ya pilau mkononi. Laini. Unateleza. Hauumi. Nikacheka, nikasema huu ni wa ukoo, baba ametugawia ng'ombe na uvimbe. Watu wakaangua kicheko. Wifi yangu peke yake, mke wake, hakucheka. Aliniuliza, wako si ulikutoka ukiwa mtoto, mbona huu umemjia mtu mwenye wajukuu? Nikamjibu kwamba kansa huwa ngumu kama jiwe, maji hayajawahi kumuua mtu. Ee Mungu wangu, mdomo huu!

Alienda zahanati ya karibu, mhudumu akavuta maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa, akayamwaga. Uvimbe ukanywea. Ulipojaa tena alinipigia simu. Nikamwambia asihangaike, hata wangu ulijaa. Akasema pia sikio la upande huo linamuuma akimeza. Nikamwambia ni baridi, adondoshee mafuta ya vuguvugu. Akafanya hivyo. Mvua za vuli zikapita, za masika zikapita, ndipo akaniambia siku hizi anakunywa uji tu maana ugali unakwama. Hapo nikaogopa. Nilimfuata mwenyewe nikamleta Musoma, na Musoma wakatupa rufaa kwenda Mwanza.

Daktari, dada mmoja kijana, alimmulika kooni kabla hata ya kumgusa shingo. Nikamwambia, daktari, ugonjwa uko huku nje. Nikamwonyesha na kovu langu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanieleza taratibu. Uvimbe wa maji kwa mtoto au kijana mara nyingi ni wa kuzaliwa nao. Kwa mtu aliyevuka miaka arobaini, unahesabiwa kansa mpaka vipimo vikatae. Ulaini si ushahidi, wala maji si ushahidi. Kansa inaweza kujificha kwenye mafindofindo, ndogo kiasi kwamba mwenyewe hana habari, ikazaa shingoni, na huyo mtoto wake akajaa maji. Yale maji yalitakiwa yapelekwe maabara, na hata yangeonekana safi, bado koo lilipaswa kukaguliwa.

"Wako na wake vinafanana mkononi tu," aliniambia.

Wakakata kinyama kooni wakapima. Ilikuwa kansa, na ilishafika kwenye mapafu. Daktari alisema ikishikwa mapema wengi hupona. Nikamuuliza mapema ni lini. Akasema ni pale uvimbe ulipoonekana. Nilitoka nje nikakaa chini sakafuni, mtu mzima mimi, sikujali nani ananiangalia.

Tulirudi naye Butiama, nikakaa pale hadi mwisho. Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona. Asubuhi moja nilikuwa namlisha mtindi kwa kijiko, nikashindwa kujizuia. Nikaweka bakuli chini, nikamwomba msamaha. Wifi alikuwa amesimama mlangoni.

Mdogo wangu alinishika mkono. "Dada, usijisumbue. Hata ungeniambia niende hospitali, nisingeenda."

Wifi aligeuka akaenda nyuma ya nyumba. Sote watatu tulijua anasema uongo. Nilipomwambia aache sigara, aliacha wiki ileile. Nilipomwambia huyu binti ndiye wa kuoa, alimuoa. Tangu mama yetu alipotuacha tukiwa wadogo, hakuna nililomwambia mdogo wangu ambalo hakulifanya.