Vigingi vya Baba Felista

Nakumbuka asubuhi moja ya Januari, mawingu yakiwa yamejazana juu ya milima, nilipong'oa vigingi vya mume wangu shambani mbele ya watu. Mwanangu, nakuita hivyo ingawa sikukuzaa, nimekosa mengi maishani, na mengi nimeshayasahau, mengine nimeyaungama kanisani yakaisha. Hili halijaisha. Nakusimulia kwa sababu nasikia na wewe umeanza kuzungumza habari za kustaafu mapema, na kila ukizungumza ni mabati na matofali tu. Tulia kwanza unisikilize.

Mume wangu aliitwa Apolinari. Mimi nilimwita Baba Felista, kwa jina la binti yetu wa kwanza. Alikuwa mtu wa reli. Si dereva wa treni, maana nikisema reli wengi wanadhani hivyo. Alikuwa wa gengi, wale wanaotembea juu ya njia kila siku na nyundo na spana, wanagonga chuma na kusikiliza, wanakaza palipolegea. Alikuwa na namna yake ya kazi. Analala kifudifudi, shavu kwenye reli, jicho moja amefumba, anatazama chuma kinavyokwenda mbele. "Hapa imekwenda kushoto kidogo," atasema, na wewe huoni kitu. Wakipima wanakuta ni kweli. Miaka ishirini na miwili alilalia chuma namna hiyo.

Mimi nililima. Nyumba yetu iko Mlabani, hapa hapa Ifakara mjini, lakini shamba letu la mpunga lilikuwa mbali bondeni, ukishapita Namawala. Kila mwaka mvua zikikaribia nilifunga sufuria, mkeka na kuku wawili, nikahamia huko kwenye dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ili maji yasikufikie. Mpaka mavuno ndipo narudi. Yeye alibaki na reli yake. Alikuja shambani siku za likizo, akala, akalala, akasifu mpunga, akaondoka. Ndivyo tulivyoishi na hatukuwahi kugombana. Sasa tungegombana saa ngapi, wakati tulikuwa tunatembeleana kama wageni?

Ilipofika katikati ya miaka ya tisini, kazini kwao wakatangaza kupunguza watu. Anayetaka kuondoka kwa hiari aandike jina. Umri wake ulikuwa arobaini na saba. Mtu mwenye nguvu bado, anabeba gunia la mpunga peke yake.

"Mama Felista," akaniambia, "nimechoka kulala na chuma. Nataka na mimi nihamie shamba, tukae wote."

"Andika jina," nikamjibu. "Nyumba ipo, shamba lipo. Unaogopa nini?"

Basi akaandika. Na tulipanga, usidhani hatukupanga. Kiinua mgongo kilipotoka tuliezeka bati, tukachimba kisima, akanunua baiskeli. Majirani walikuwa wanatutolea mfano. Kitu kimoja tu hatukukizungumza hata kwa dakika moja: huyu mtu akiamka asubuhi atafanya nini, na mimi nitamwachia nini afanye.

Miezi ya mwanzo aliamka saa ile ile ya kazini. Anavaa buti zake, anakunywa chai, kisha anakaa mlangoni na buti miguuni kama anayesubiri kuitwa. Akichoka kukaa anaingia ndani kutafuta cha kutengeneza. Alikaza bawaba zote za milango. Siku moja nikarudi kutoka sokoni nikakuta sufuria zangu amezipanga kwa ukubwa, kubwa mpaka ndogo, mishikio yote imetazama upande mmoja. Mwingine angecheka. Mimi nilizirudisha nilivyokuwa nimeziweka, nikamwambia jikoni kuna mwenyewe. Akatoka akarudi kukaa mlangoni. Hilo lilikuwa la kwanza na sikulitilia maanani.

Msimu ulipofika tukahamia shamba pamoja. Amefunga kwenye baiskeli kamba ya nailoni na fungu la vigingi alivyochonga mwenyewe. Sikumuuliza ni vya nini. Nilidhani atafunga mbuzi.

Sasa sisi miaka ile mpunga tulipanda kwa kutupa. Unajaza mbegu kwenye beseni, unatembea, mkono unatupa, wenzako wanafuata nyuma na majembe wanafukia. Kazi ya haraka, maana huko bondeni unakimbizana na maji. Baba Felista akachukua kona moja ya shamba, akapigilia kigingi huku na kigingi kule, akavuta kamba, akaanza kupanda mbegu kwa kufuata kamba. Akimaliza mstari anahamisha vigingi. Lakini kabla ya kuhamisha analala kifudifudi kwenye tope, shavu chini, jicho amefumba, anatazama mstari wake.

Jirani yetu wa shamba, Mama Kasiani, alikuwa mwanamke wa utani kweli kweli. Akasimama na jembe lake akapaza sauti.

"Shemeji! Hiyo treni inayopita kwenye mpunga wetu inakwenda wapi?"

"Mahenge, shemeji," akajibu kutoka topeni, hajainuka hata kichwa. "Leta mzigo wako mapema, mabehewa yanajaa."

"Mahenge kwenye mlima ule? Hiyo ya kusukuma!"

"Ndiyo maana nakuhitaji wewe na hilo umbo lako."

Shamba zima tulicheka, na yeye alicheka, tope usoni. Ilikuwa siku njema. Ningeishia kwenye kucheka, leo nisingekuwa na la kukusimulia.

Siku ya tatu alikuwa bado kwenye kona ile ile. Mawingu yameshuka, upepo umegeuka, na robo tatu ya shamba iko wazi. Nilishikwa na hofu. Maji yakitangulia mbegu, mwaka huo unaombaomba. Lakini nikikwambia ni hofu peke yake nitakuwa nakudanganya. Mwanangu, lile shamba lilikuwa langu. Miaka yote ile mimi ndiye niliyesema leo tunalima hapa, kesho kule, na watu wakafuata. Sasa amekuja mtu na kamba, watu wanasimama kumtazama yeye.

Nikamwendea. "Acha hayo, njoo utupe mbegu."

"Nakuja, mama. Hii kona tu. Niachie hii kona."

Nikainama nikang'oa kigingi. Nikaenda upande wa pili nikang'oa na kingine, nikavitupa. Kisha nikachota mbegu kwenye beseni nikazimwaga juu ya mistari yake, na kinywa changu hakikunyamaza. "Hapa si relini! Ulichokuwa unakijua umekiacha huko. Kama huwezi kulima kama watu, kakae nyumbani!"

Hata Mama Kasiani alitazama chini. Baba Felista akaokota vigingi vyake kimoja kimoja, akavifuta tope kwenye suruali, akaikunja kamba, kiwiko na kiganja, kiwiko na kiganja, taratibu, kama mtu anayefunga kazi jioni.

"Basi, mama," akasema.

Akapanda dungu akachukua shati lake. Mchana ule akaondoka na baiskeli kurudi Mlabani.

Mama mkubwa Yustina, dada yake mama yangu, alikuwa na shamba lake jirani. Alikuwa mzee sana, lakini msimu haukuwahi kumpita. Habari zikamfikia, akaja na fimbo yake mpaka chini ya dungu langu. Nikashuka, nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Wewe ulipokuja kuanza shamba hapa, ulijua kulima?"

"Nilijua, mama."

"Muongo. Mpunga wako wa kwanza uliota kama nywele za mgonjwa. Mimi niliuona na nikanyamaza. Msimu mzima nilinyamaza, nikawa napita njia nyingine nisikuaibishe. Mtumie mumeo neno arudi."

"Ameondoka mwenyewe, arudi mwenyewe."

"Na hicho kinywa chako kina kazi ya kufukuza tu? Kuita hakijui?"

Akaondoka bila kuaga. Mimi nikapanda dungu nikapika ugali wangu nikala. Nilikuwa kichwa kigumu, mwanangu. Na ugumu ule watu walikuwa wanausifu, wanasema mama yule ni mwanaume, kwa hiyo niliuona ni mali.

Kila aliyetoka mjini nilimwuliza, "Baba Felista hajambo?" Wanasema hajambo, tumemwona stesheni. Kila asubuhi alikuwa anavaa buti zake anakwenda kukaa pale kwenye benchi. Walimpokea vizuri, vijana wanampa shikamoo, wanamsogezea kivulini. Treni ikija anasimama, ikipita anakaa. Jua likipanda anarudi nyumbani. Niliposikia hivyo unajua nilisema nini? Nilisema, "Afadhali, kapata pa kukaa." Mungu anisamehe.

Mwezi wa tatu roho yangu ilianza kulainika. Ile kona niliyoimwagia mbegu juu ya mistari yake ilikuwa imeota, na katikati ya fujo yangu mistari yake ilionekana bado, michache, imenyooka mpaka inakuchoma macho. Wakati wa palizi nilifika pale nikashindwa kuendelea, nikazunguka. Nikajiambia, nikimaliza palizi namwita. Nilipomaliza nikajiambia, kwanza nirekebishe paa la dungu lisije likamvujia. Ndivyo mtu anavyojidanganya. Neno lenyewe lilikuwa moja tu, njoo, na kila wiki kulikuwa na mtu anayekwenda mjini angelibeba.

Kisha masika ikaanguka kwelikweli. Njia ikafunikwa, ikawa huwezi kutoka ila kwa mtumbwi. Mwanzoni mwa mwezi wa nne mvuvi mmoja akaja na mtumbwi wake mpaka kwenye dungu. Akaniambia, "Nimeagizwa na Mama Rukia wa Mlabani. Anasema uje, mzee ana homa, hainuki."

Nilitumia siku mbili njiani. Mtumbwi, kisha kutembea kwenye maji mpaka kiunoni, kisha tena mtumbwi, kisha barabara ya tope. Nilipokata kona ya nyumbani mchana wa siku ya pili niliona wanaume wamekaa nje kwenye mabenchi, hawazungumzi. Hapo sikuhitaji kuambiwa. Nilivua kanga ya begani nikajifunga kiunoni, nikaingia ndani walipokuwa wanawake wenzangu.

Mama Rukia ni jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwema, dini yake na yangu mbalimbali lakini chumvi yetu moja. Alinishika mikono analia.

"Dada, nisamehe. Niliona siku nne mlango umefungwa, hasemi, hatoki. Nikadhani umemwita, amekwenda shamba. Maana kila nikimpelekea chai alikuwa ananiambia, Mama Felista akiniita nakwenda siku hiyo hiyo. Nikafurahi moyoni, nikasema, basi ameitwa. Siku ya tano ndipo nikasikia kikohozi."

Mwanangu, mtu alikuwa ndani anaugua siku nne, na jirani anafurahi upande wa pili wa ukuta kwa sababu anadhani mkewe amemwita.

Tulimzika. Baada ya siku za msiba nikafagia chumba, nikavuta kilichokuwa chini ya kitanda. Fungu la vigingi. Si vile vya tope. Hivi vilikuwa vipya, vya mti mgumu, vimemenywa magome, vimechongwa ncha, vyote urefu mmoja, vimefungwa kwa kamba ile ile. Baiskeli imeegemezwa ukutani, imepakwa mafuta, magurudumu yamejazwa upepo.

Msimu uliofuata nilikwenda na vigingi hivyo shambani. Nilimwambia Mama Kasiani ashike ncha ya kamba, na yule mwanamke wa utani hakutania. Tulipanda kona ile tu. Nikalala kwenye tope, shavu chini, nikafumba jicho moja. Mstari ulikuwa umekwenda kushoto, na si kidogo. Siku hizi bwana shamba anapita anawafundisha wote kupanda kwa kamba, na wanapata mpunga mwingi kuliko sisi wa kutupa. Mimi nikimwona nageuza uso.

Basi sikia ninalokuagiza. Ukitaka kuacha kazi mapema, acha. Si dhambi, na nguvu za mtu si za kumalizia kwa mwajiri. Lakini kabla ya kuandika jina, nenda kwenye hiyo kazi ya pili ukiwa bado na ile ya kwanza. Likizo zako usiende kula na kusifu. Nenda ukachekwe, ukosee, wakuzoee, ili siku ukija moja kwa moja usiwe mgeni kwenye shamba lako mwenyewe. Na ukijiona umekaa mlangoni na buti miguuni, sema. Usinyamaze kama yule wangu. Mwambie mwenzako, sina cha kufanya na kinaniuma.

Na wewe unayerudiwa nyumbani, mke au mume, hili ni lako. Sufuria zikipangwa kwa ukubwa, ziache hivyo. Mpe kona yake, aiharibu msimu mmoja, hamtakufa njaa. Ukishakosa kinywani, usingoje palizi iishe. Tuma neno siku hiyo hiyo, na yeyote anayekwenda.

Sina zaidi. Mungu akupe mwisho mwema wa kazi na asubuhi njema baada yake. Akupe kona ya kunyoosha mistari yako, na watu wa kuicheka bila kuing'oa. Na popote utakapokuwa umekaa unasubiri, Mungu amwamshe mtu wako akuite mapema, njia ikiwa bado kavu.