Kamba ya mgomba kwenye mashine ya mama

Leo nimefungua mashine ya mama ya kuchuja maji, nikajikuta nimekaa sakafuni nalia.

Mnajua maji ya huku Bomang'ombe, yenye floraidi nyingi, yalivyotuharibu meno. Mashine nilimfungia mwenyewe, ili wajukuu wasicheke wameziba mdomo kama mimi.

Lakini membreni, ule utando wa kuchujia, ulikuwa unakufa kila mara. Nimebadilisha mara tatu! Mara ya mwisho nilimfokea kwenye simu: "Mama, unaifanya nini mashine?"

Akasema haifanyi kitu.

Jumamosi tumemzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, Mwika.

Leo nikafuata ule mpira unaotoa nje maji ya chumvi. Umekunjwa, umefungwa kwa kamba ya mgomba! Chumvi yote ilikuwa inabaki kwenye utando.

Dada yangu Manka akasema taratibu, "Hakuweza kuvumilia kuona maji yanamwagika. Alikulia kwenye kungoja zamu ya maji ya mfereji. Akaogopa kukuambia."

Akaogopa. Mimi, mwanawe.

Ndoo moja tu chini ya mpira ingetosha, angefulia. Ningeuliza badala ya kufoka.

Membreni mpya ninayo mkononi. Kamba sijaifungua.

Jamani, ninyi mngeifungua?