Vyungu vya Pua Nyembamba

Katika mtaa wetu wa wafinyanzi, chini ya mlima mweupe, Poksi ndiye aliyekandika udongo ndani ya makalibu, yale maumbo ya vipande viwili yanayoupa udongo sura, na mkewe Nechin akapaka rangi. Walifanya hivyo miaka thelathini. Sura za mabwana, bundi, bata, kulungu waliokaa kitako kama watu, vyote vilipita katika mikono yao minne.

Macho ya Poksi yalipozimika, aliuacha udongo akahamia kivulini, ukutani. Chakula akawa anaonja tu. Mkewe akimwita kazini, anajibu kwamba kipofu hana kazi zaidi ya kuwa mzigo.

Nechin hakubishana naye. Alianza kukandika mwenyewe, na kila alipofungua tanuri, vyungu vya sura vilitoka vimepasuka pua. Mimi jirani yake nilimtania kwamba mabwana wake wote wameshikwa na mafua.

Asubuhi moja alichukua kimoja akakiweka mapajani mwa mumewe.

"Baba Sian, hebu kipapase hiki."

Poksi akapitisha kidole gumba penye ufa. "Nani kaharibu hivi?"

"Mimi."

"Wewe? Miaka yote umekaa ubavuni mwangu ukiangalia nini?"

"Nilikuwa nakuangalia wewe."

Mzee akakohoa. Akaomba nusu ya kalibu na tonge la udongo, amwelekeze. Udongo unaanzia puani, akasema, ndipo unausukuma kwenda mashavuni. Na usihangaike kuchungulia, maana humo ndani hata mwenye macho anafanya kazi kwa vidole.

Hapo akapapasa tena ndani ya kalibu. Kisha akaomba tonge jingine.

Kufika adhuhuri alikuwa amekandika sura sita. Alikula bakuli la mahindi na samaki, akaomba aongezwe.

Alipomaliza kula, akakivunja kile chungu kibovu, akapapasa vigae kwa ndani, polepole, kimoja baada ya kingine.

"Mama Sian, huku kote umekandika vizuri, pengine kunishinda. Ni puani tu palipokwanguliwa."

Nechin aliendelea kukoroga rangi yake nyekundu.

"Labda ni kucha zangu."

"Basi zikate," akasema Poksi, akanyoosha mkono apewe tonge la saba.